Malango ya Parteen na vijiji vilivyo chini yake: uchambuzi wa mafuriko ya Shannon, Desemba 2015

Desemba 2015, habari kubwa ya kila siku katika vijiji vya O'Briensbridge, Montpelier, Castleconnell na Clonlara, magharibi mwa Ayalandi, ilikuwa namba moja: leo malango ya Parteen, kizuizi cha mto Shannon, yanaachia mita za ujazo ngapi za maji kwa sekunde? Shirika la umeme la ESB liliitangaza, redio za eneo ziliisoma, na watu walipanga siku yao kwa namba hiyo. Gari libaki uani au lipelekwe barabara ya juu? Ng'ombe wahamishwe leo au kesho? Watoto wavushwe na trekta saa ngapi?

Kisa hiki kinahitaji kufunguliwa taratibu. Lawama nyingi za wakati ule ziliwaangukia wanaofungua malango, na hesabu haiziungi mkono. Tatizo zito zaidi lilikuwa ndani ya mto wenyewe, hatua chache kutoka mlangoni mwa watu, na lilikuwa likikua tangu 1929.

Mto mmoja, njia mbili

Shannon una urefu wa takriban kilomita 360, na kwa sehemu kubwa ya safari yake ni mto mvivu. Kutoka Ziwa Allen hadi Ziwa Derg, mwendo unaozidi kilomita 180, unashuka kama mita 15 tu. Halafu, kati ya mji mdogo wa Killaloe na jiji la Limerick, unateremka karibu mita 30 ndani ya masafa mafupi. Mteremko huo ndio mhandisi Thomas McLaughlin alioupigia hesabu ya umeme katika miaka ya 1920, taifa lile likiwa changa kabisa. Sheria ya Umeme wa Shannon ilipitishwa 1925, kampuni ya Kijerumani ya Siemens-Schuckert ikachukua kazi, na tarehe 22 Julai 1929 W. T. Cosgrave, kiongozi wa serikali, akaufungua mradi.

Mpangilio wake ni huu. Chini kidogo ya Killaloe kuna kizuizi cha Parteen, ambacho hakizalishi umeme mwingi. Kazi yake ni kuinua maji na kuyagawa. Upande mmoja maji huingia mfereji mpana wa kilomita 12.6 hadi kituo cha Ardnacrusha, yakadondoka mita 28.5 kwenye mitambo minne yenye uwezo wa megawati 86, kisha yakarudi mtoni kwa mfereji wa kilomita 2.4 juu kidogo ya Limerick. Upande wa pili ni malango yanayoachia maji kwenye mkondo wa zamani, ule unaopita O'Briensbridge na Montpelier wanaotazamana kwenye daraja, kisha kati ya Castleconnell na eneo la Clonlara, hadi Plassey na mjini.

Ardnacrusha inaweza kumeza takriban mita za ujazo 400 kwa sekunde. Mkondo wa zamani umehakikishiwa angalau mita za ujazo 10 kwa sekunde. Namba hizo mbili ndizo zinazoeleza kisa chote. Sehemu kubwa ya mwaka Shannon haufikishi 400, kwa hiyo maji karibu yote huenda kwenye mitambo na vijiji vinabaki na ile 10. Mto uliokuwa mkubwa kuliko yote katika nchi ukageuka kijito kinachotiririka juu ya mawe, ndani ya kitanda kilichochongwa na mto mkubwa mara nyingi zaidi ya huo. Castleconnell ilikuwa imejulikana mbali kwa samaki aina ya samoni na kwa fimbo za kuvulia zilizoundwa kijijini hapo. Uvuvi haukufa, ila haukurudi tena kuwa ule wa zamani.

Mvua ilivyojikusanya

Tufani ya Desmond ilipiga tarehe 4 na 5 Desemba 2015. Mkesha wa Krismasi ikaja Eva, na usiku wa 29 kuamkia 30 ikaja Frank. Ardhi ilikuwa imelowa kabla ya Desmond, hivyo kila tone lililofuata lilikimbilia mtoni. Vituo vingi vya kupimia mvua nchini viliandika Desemba yenye mvua nyingi kuliko zote katika rekodi zao.

Shannon haupandi kwa ghafla. Bonde lililo juu ya Parteen lina zaidi ya kilomita za mraba 10,000, tambarare tupu, mabwawa ya mboji na maziwa makubwa matatu. Mvua inayonyesha Leitrim kaskazini huchukua siku nyingi kufika Killaloe. Ndiyo maana anga lilikuwa limetakata na jua linawaka, huku maji Castleconnell yakiendelea kupanda. Kwa mgeni hilo ni fumbo, na lilizaa minong'ono kwamba kuna mtu amefungua maji kwa makusudi. Mkazi wa siku nyingi hutazama kina cha maji Athlone, mji ulio juu zaidi mtoni, badala ya mawingu ya kwao.

Ardnacrusha ilipojaa, kilichozidi chote kilibaki na njia moja: mkondo wa zamani. Maji yake yakapita mita 400 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 40 ya kiwango cha kawaida. Novemba 2009 yalikuwa mengi zaidi ya hapo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai kwamba jambo hilo halikutarajiwa.

Kwa nini hawakushusha ziwa mapema?

Swali hili liliulizwa kila mkutano, na lilistahili jibu la namba. Ziwa Derg lina eneo la karibu kilomita za mraba 120. Tuseme wahusika wangelishusha kwa sentimita 30 kabla ya Desmond, jambo ambalo lingeacha boti zimekwama kwenye tope katika gati zake. Nafasi inayopatikana ni mita za ujazo milioni 36. Sasa chukua yale maji ya ziada, mita 400 kwa sekunde, uyamwage humo: nafasi yote inajaa kwa saa 25. Mafuriko yalikaa majuma kadhaa. Ungeokoa siku moja, na siku hiyo ingekuwa ya mwanzo, kabla ya kilele, wakati haina faida.

Geuza swali: je, wangefunga malango ili maji yabaki ziwani? Kwa ziada ileile ya 400, ziwa lingepanda takriban sentimita 29 kila siku. Siku ya tatu nyumba za Killaloe, Ballina na ufuko mzima wa ziwa zingekuwa ndani ya maji, na kizuizi chenyewe kingeanza kuhatarishwa. Na kusukuma zaidi kwenye mfereji wa Ardnacrusha hakuwezekani. Mfereji ule umeinuliwa kwa matuta ya udongo juu ya mashamba, ukipita karibu kabisa na Clonlara. Maji yakifurika juu ya tuta la udongo yanalikata, na likikatika kinachokuja si mafuriko ya kuvalia buti.

Lipo pia jambo ambalo wengi hawalijui. Kati ya ziwa na kizuizi, mto una shingo nyembamba pale Killaloe. Hata malango yote yakiachwa wazi, ziwa halitoki kwa kasi unayoitaka. Linatoka kwa kasi ambayo shingo inaruhusu.

Wakazi wa Tana chini ya Masinga, na wa Rufiji chini ya bwawa la Julius Nyerere, wameyapitia mabishano ya aina hii. Tofauti ni kwamba Parteen haina bwawa la kuhifadhi linalolingana na bonde lake. Hupokea na kugawa, basi.

Hayo hayaisafishi ESB kwa kila kitu. Taarifa ya namba peke yake haitoshi. Mtu akiambiwa "kesho tutaongeza 30" anahitaji kujua maana yake ni sentimita ngapi mlangoni kwake. Hilo halina gharama kubwa: ubao wa vipimo kwenye nguzo ya daraja la O'Briensbridge, mwingine Castleconnell, mwingine Springfield ng'ambo yake, na daftari linalooanisha kila kiwango kilichotangazwa na kina kilichosomwa. Baada ya mafuriko mawili una jedwali la kuaminika. Kaya yoyote inaweza kufanya hivyo kwa kigingi na rangi, na inafaa ifanye.

Springfield, katikati ya maji mawili

Eneo lililoumia kwa namna ya pekee ni Springfield, upande wa kaunti ya Clare, ng'ambo ya Castleconnell. Limebanwa: nyuma yake mfereji wa Ardnacrusha ulioinuliwa, mbele yake mkondo wa zamani. Barabara zilizama kabla ya nyumba. Watu walivushwa kwa matrekta na trela za juu, jeshi na kikosi cha ulinzi wa raia wakaja, na nyumba zikazungushiwa matuta ya muda na viroba vya mchanga huku pampu zikiunguruma mchana na usiku.

Hapa ndipo utaalamu mdogo unapookoa nyumba. Kiroba hujazwa nusu au theluthi mbili, hakishindiliwi. Kikijaa kinakuwa duara, na kati ya duara na duara maji hupita. Mdomo haufungwi kwa kamba. Unakunjwa chini ya kiroba, ukielekezwa upande maji yanakotoka. Vipangwe kama matofali, kila kimoja kikifunika kiungo cha chini, na kila safu ikanyagwe kwa miguu kabla ya kuweka nyingine. Karatasi ya plastiki iwe upande wa maji, ncha yake ya chini ikilaliwa na safu ya kwanza. Kitako cha ukuta kiwe mara mbili hadi tatu ya kimo chake. Watu hudharau hesabu ya viroba: ukuta wa mita 10 wenye kimo cha sentimita 30 unakula kama 200, lakini ukipandisha hadi sentimita 60 unahitaji 600 hadi 700, kwa sababu kitako nacho kinapanuka. Anayeagiza 400 anapata ukuta mwembamba unaosukumwa usiku.

Ukuta ukisimama vizuri, kazi inahamia ndani yake. Maji hujipenyeza chini, mvua inanyesha juu, na vyote vinakusanyika upande wa nyumba. Pampu moja haitoshi, hata kama uwezo wake unatosha, kwa sababu pampu ya dizeli inayofanya kazi kwa majuma itazimika siku moja saa tisa usiku. Ziwe mbili, na mtu wa zamu. Kinachozizima mara nyingi ni vitu vya kijinga: majani na nyasi kwenye chujio la bomba la kunyonya, mafuta kwisha, au bomba la kutolea maji lililoachwa karibu mno na tuta hivi kwamba maji yanarudi yalikotoka na kulichimba tuta njiani. Wakulima walikuwa na silaha nyingine nzuri, yale matangi ya kunyonyea samadi yanayokokotwa na trekta. Tangi la lita 9,000 hunyonya shimo lililojaa kwa dakika chache.

Kuna kikomo cha kupigana. Maji ya nje yakizidi sentimita 90 dhidi ya ukuta wa nyumba ya kawaida na ndani pakavu, msukumo wake unaweza kuupasua ukuta au kuinua sakafu. Ikifika hapo ni heri kuyaacha yaingie. Kukausha zulia ni rahisi kuliko kujenga upya ukuta unaobeba paa. Ndivyo ilivyo pia wakati wa kutoa: ukivuta haraka wakati ardhi ya nje bado imejaa, unaleta hatari ileile.

Nyumba za mashambani huko hupashwa moto kwa mafuta ya taa, na tangi la plastiki husimama uani. Wengi huamini tangi likijaa haliwezi kuelea. Litaelea. Lita 1,000 za mafuta ya taa zina uzito wa kilo 800 hivi, na tangi lenyewe likiongeza kama 50, bado ni pungufu ya kilo 1,000 za maji linazosukuma likizama lote. Hukata bomba lake, na mafuta husambaa juu ya maji hadi ndani ya nyumba. Mikanda miwili iliyofungwa kwenye sakafu ya zege, pamoja na vali iliyofungwa kabla ya kuondoka, humaliza jambo. Mafuta yakiingia kwenye plasta na sakafu harufu yake haitoki, na nyumba ambayo ingekauka kwa miezi inageuka ya kubomoa kuta za ndani.

Maji taka nayo. Nyumba nyingi zina shimo lake badala ya bomba la mji. Ardhi ikijaa shimo halinyonyi, na choo cha chini kinaanza kurudisha. Kiroba cha mchanga ndani ya mfuko wa plastiki, kikishindiliwa kwenye bakuli la choo, husaidia. Usimwite mtu wa kunyonya shimo wakati maji ya ardhini yako juu: tangi tupu ndani ya ardhi iliyojaa linaweza kuinuka na kuvunja mabomba. Kisima kilichofunikwa na mafuriko hakinyweki hadi kisafishwe, kitiwe klorini na maji yake yapimwe maabara. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi mafuta ya taa.

Mkondo uliosahauliwa

Sasa lile tatizo lenyewe. Mto unaopewa mita 10 kwa miaka mingi hukaa kwa kiasi cha mita 10. Tope linatuama mahali ambapo zamani mkondo ulilifagia. Matete yanashika tope, vichaka vinashika matete, miti inayopenda maji inaota visiwani na kando, na baada ya miongo kadhaa una msitu katikati ya njia ya maji. Siku ile mita 400 zinapofika, zinakuta njia imebanwa. Kiasi kilekile cha maji kinapanda juu zaidi kuliko ambavyo kingepanda kitanda kikiwa wazi, kwa sababu kila shina linapunguza mwendo na mwendo ukipungua kina kinaongezeka. Na kwa kuwa macho ya watu yamezoea kijito, nyumba zilijengwa chini kuliko mahali ambapo wazee wa kabla ya 1929 wangethubutu.

Kusafisha kunaonekana rahisi hadi ujaribu kupata ruhusa. Sehemu ya chini ya Shannon ni eneo lililohifadhiwa chini ya sheria za Umoja wa Ulaya, kwa hiyo kazi yoyote hupimwa kwanza athari zake. Sheria ya wanyamapori inakataza kukata vichaka na ua kuanzia 1 Machi hadi 31 Agosti, ndege wakiwa na viota. Wasimamizi wa uvuvi nao huruhusu kazi ndani ya maji kuanzia Julai hadi mwisho wa Septemba, kabla ya samoni kutaga. Weka tarehe hizo pamoja: anayetaka kukata miti na kuondoa tope kwa wakati mmoja ana mwezi wa Septemba tu. Akichelewa kibali kwa majuma matatu, mwaka umekwenda. Ninaamini sheria zote mbili ni za haki. Samoni na ndege hawana mahali pengine. Lakini kibali kinachoombwa Juni hakifai. Kinapaswa kuwa tayari kabla ya Krismasi ya mwaka uliotangulia, na kiwe cha miaka kadhaa.

Juu ya hayo mto ni mpaka. Castleconnell na Montpelier ziko chini ya halmashauri ya Limerick, O'Briensbridge na Clonlara chini ya Clare. Malango ni ya ESB, ujenzi wa kinga ni wa Ofisi ya Kazi za Umma, njia ya boti ni ya Waterways Ireland, uhifadhi una idara yake na samaki wana wao. Mkazi aliyekuwa akipiga simu Desemba ile alikuwa sahihi kuchoka. Januari 2016 serikali iliunda kikundi cha kuratibu taasisi za serikali zinazohusika na Shannon, na huo ulikuwa uamuzi mzuri kuliko kelele zote za kutaka mamlaka mpya kabisa ya mto, ambayo ingetumia miaka kugombania ofisi.

Msaada wa fedha ulikuja kwa mafungu. Biashara ndogo zilizonyimwa bima ziliweza kupata hadi euro 5,000 kupitia Msalaba Mwekundu wa Ayalandi, na zilizoumia zaidi ziliweza kuomba nyongeza baada ya ukaguzi. Kaya ziliomba kwenye idara ya ustawi wa jamii. Mwaka 2017 serikali ilipitisha mpango wa hiari wa kuwahamisha wenye nyumba zilizofurika kati ya 4 Desemba 2015 na 13 Januari 2016 ambazo hazikuweza kukingwa kwa gharama inayokubalika. Jeraha la bima ndilo lililobaki wazi: nyumba iliyodai mara moja, 2009, haikupata tena kampuni ya kuibebea hatari ya maji, na nyumba isiyo na bima ni vigumu kuiuza, kwa kuwa benki haimkopeshi mnunuzi.

Tuta la kudumu lenye vituo vya pampu, mfano wa lile lililopangwa Springfield, hukinga nyumba zilizo nyuma yake na halipunguzi hata sentimita moja ya maji mbele yake. Likisimama upande wa Clare, sehemu ya maji yaliyokuwa yakitandaa pale yatatafuta nafasi ng'ambo, kwa hiyo hesabu ya kila tuta lazima ifanyike kwa kingo zote mbili pamoja, na mkondo uwe umesafishwa kwanza. Halmashauri za Clare na Limerick zinapokaa meza moja kuidhinisha mchoro, karatasi ya kudai iwekwe mezani ni ramani ya kina cha maji cha kingo zote mbili, kabla ya tuta na baada yake, kwa mita 400 kwa sekunde na kwa kiwango cha 2009.